Pweza wa Nasma

Jumanne alipozima mashine ya boti katikati ya maji, Leonia alidhani wameharibikiwa. Ufukwe ulikuwa bado mbali. Maji yalikuwa ya kijani hafifu, na chini yake mchanga ulionekana wazi kama sakafu iliyofagiliwa asubuhi. Jumanne aliinua mguu wa mashine, akachukua upondo, akaanza kuisukuma boti taratibu.

"Mafuta yamekwisha?" Leonia aliuliza.

"Maji ndiyo yamekwisha, Nesi. Mafuta yapo."

Wote botini walicheka, na Leonia akacheka nao. Alizaliwa Bukoba, kwenye ziwa linalokaa mahali pake usiku na mchana. Ukiacha ndoo ufukweni jioni, asubuhi unaikuta na maji yako palepale. Miezi minane alikuwa Mafia, na katika miezi hiyo alikijua kituo cha afya, soko, kanisa, na barabara inayounganisha vitu hivyo vitatu. Bahari aliiona kwa mbali kila siku, kama mtu anavyomwona jirani ambaye hajawahi kumpigia hodi.

Aliyemtoa ndani ni mwanamke aliyekaa mbele ya boti, na hotipoti la pilau katikati ya miguu yake. Jina lake Mwanaharusi. Walikutana kituoni. Mwanaharusi alikuja siku moja na mwiba wa samaki umevunjikia unyayoni, mguu umevimba, na kwa muda wote ambao Leonia alikuwa akiuchimba mwiba ule, hakutoa hata mguno. Aliuliza maswali tu. Nesi ametoka wapi, ana watoto wangapi, amekwisha kushuka pwani mara ngapi. Leonia aliposema hajashuka hata mara moja, Mwanaharusi aliinua kichwa kutoka kitandani.

"Miezi minane kisiwani na miguu yako haijui chumvi? Wewe ndiye mgonjwa, si mimi."

Basi ilipofika Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, siku ambazo watu wa huku hutoka kwenda kula pamoja mahali pazuri na kuziita vunjajungu, Mwanaharusi alipiga simu. Nesi aje na mtoto wake. Asibebe kitu. Leonia alibeba chapati na kreti la soda, kwa sababu kwao mtu haendi mikono mitupu.

"Na Nesi naye anavunja jungu," alisema Bi Kidawa, mama yake Mwanaharusi, aliyekuwa amempakata mjukuu wake wa miaka minne, Luqmani. "Mfungo hafungi, jungu anavunja."

"Nafunga, bibi. Jumatano yetu ni Majivu. Kwaresma siku arobaini."

"Mnakula mchana."

"Nyama hatuli Ijumaa."

Bi Kidawa alilifikiria jambo hilo. "Haya. Basi leo kula nyama."

Boti iligusa mchanga. Watu walishuka majini, maji ya magoti, vyombo vikapita mkono kwa mkono. Fredy, mtoto wa Leonia mwenye miaka sita, alishuka na jaketi la kuokolea lililomfika magotini, akakataa kulivua hata alipofika pakavu. Nasma, binti wa Mwanaharusi, miaka minane, alimzunguka mara mbili akimtazama.

"Unaogopa mchanga?"

"Siogopi."

"Basi vua. Unafanana na dafu."

Kisiwa kilikuwa kidogo, hakina nyumba. Mivinje michache, vichaka vya pwani, na kivuli cha kutosha mikeka miwili. Ni ndani ya hifadhi ya bahari, na watu huruhusiwa kuja kupumzika ilimradi wasiache takataka na wasichukue kitu. Upande wa magharibi, ng'ambo ya uwanda wa mchanga na majani ya baharini, ulionekana mstari wa mikoko, na nyuma ya mikoko, minazi ya kijiji cha Mwanaharusi. Upande wa kusini mwamba ulitambaa kuingia Ghuba ya Chole. Juu ya mwamba yalielea madumu manne ya njano, yale ya mafuta ya kupikia, kila moja limefungwa kamba na jiwe.

Kabla ya kutandika mkeka, Mwanaharusi aliwapanga watoto watatu mstari mmoja, akanyoosha mkono.

"Mnayaona madumu yale? Upande wa huku ni wetu leo. Chezeni, chimbeni, ogeni. Upande wa kule mtu haendi. Hata kufuata kaa."

"Kule kuna nini?" Fredy aliuliza.

"Pweza wako shule," Nasma alimjibu. "Hawajamaliza."

Ndivyo watoto wa kijiji walivyoelewa, na hawakuwa mbali na ukweli. Mwamba ule ulikuwa umefungwa kwa miezi mitatu ili pweza wakue na kutaga. Ungefunguliwa bamvua lijalo, maji yanapotoka mbali kwa mwezi mpevu, katikati ya Ramadhani, ili Sikukuu iwakute watu na kitu mkononi. Haya Leonia aliyapata kwa Bi Kidawa, wakati Mwanaharusi akikuna nazi ya mchuzi na kujifanya hasikii habari zake zikisimuliwa.

Bi Kidawa alisimulia bila haraka. Huyu mwanangu alianza kuchokoa pweza mashimoni kwa kijiti akiwa hajaota meno ya mbele. Alipoolewa na Hafidhi akahamia kwenye mwani, kwa sababu wakati ule mwani ulikuwa unalipa na pweza kazi ya wazee. Akafunga kamba, akapanda, akavuna miaka sita. Kisha maji yakapata joto, mwani ukawa unageuka mweupe na kukatika kabla haujafikia kuvunwa. Akarudi kwa pweza. Akawakuta wanaume wameshafika, wana miwani na mishale, wanazamia mpaka ambako wanawake kwa miguu hawafiki. Pweza wakapungua. Mwisho mtu anatembea mwamba mzima anarudi na mmoja, mdogo.

"Mkutano wa kijiji ukaitwa," alisema Bi Kidawa. "Sisi wanawake tumekaa nyuma, kama kawaida. Wanaume wanazungumza, mara boti, mara leseni. Huyu akasimama. Mkononi ana pweza kama ngumi ya mtoto. Akasema, huyu ndiye tunayemla sasa, mwakani tutakula kijiti."

"Watu walicheka," Mwanaharusi alisema, bila kuinua macho kwenye mbuzi ya nazi.

"Walicheka. Mansuri alicheka kuliko wote. Akasema tukiufunga mwamba, wanawake wataufungua wenyewe kabla mwezi haujaisha. Maana mwanamke wa huku akiona tundu mkono wake unawasha."

Mansuri ndiye mwenyekiti wa kamati ya mwamba. Na jibu la Mwanaharusi siku ile ndilo lililoandikwa kuwa sheria. Alisema nyumba itakayotoa pweza mle kabla ya siku, basi siku ya kufungua ikae ufukweni, itazame wenzake wakivuna. Si mtu mmoja, nyumba nzima. Watu wakainua mikono. Wakamchagua yeye awe mmoja wa walinzi watatu.

"Na siku hiyo ya kufungua," Leonia aliuliza, "mtu hupata wengi?"

Bi Kidawa hakujibu kwa hesabu. Alionyesha kwa kidevu upande wa minazi. "Paa lake la makuti limeoza. Masika haiko mbali. Hafidhi yuko dago, kambini na wavuvi wenzake kule Shungimbili, na samaki msimu huu hawana maana. Bati zote ziko ndani ya mwamba ule, Nesi. Zinaogelea."

Maji yaliendelea kutoka. Leonia hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Bahari haikuondoka kwa kelele. Kila alipogeuza kichwa kumtazama Fredy na kurudi, palikuwa na ardhi zaidi. Boti ilikaa juu ya mchanga, ikainama ubavu. Jumanne, ambaye ni ndugu yake Hafidhi, alilala chini ya mvinje na kofia usoni, akisema boti haitaelea mpaka saa saba na yeye hana kazi na dunia mpaka wakati huo. Bamvua lilikuwa kubwa. Hata madumu ya njano yalilala chali juu ya mwamba, kamba zao zimelegea, kama vitu vilivyosahauliwa.

Watoto wawili wakubwa walikuwa wamekwenda na vijiti vyao, Luqmani akibaki kuchimba kisima kwa kikombe. Sauti zao zilisikika, kisha hazikusikika. Leonia alisimama mara moja kumtafuta Fredy, akaliona jaketi la rangi ya chungwa linarudi mbio, linapita, linakwenda moja kwa moja kwenye boti na kupanda ndani. Alidhani ni mchezo.

Baadaye kidogo Nasma alikuja. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na mikononi mwake alikuwa na pweza mkubwa kuliko kichwa cha Luqmani. Kichwa cha pweza kilikuwa kimepinduliwa ndani nje, na mikono yake minane ilining'inia mpaka kwenye magoti ya mtoto.

"Mama, tazama."

Leonia alikuwa anamtazama Mwanaharusi, si pweza. Aliuona uso wake ukifunguka wote, macho na mdomo, furaha tupu ambayo mtu hawezi kuizuia. Kisha akauona ukijifunga.

"Nani kakufundisha kupindua kichwa?" Mwanaharusi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Bibi."

"Ulimjuaje yumo?"

"Alipanga vijiwe mlangoni. Na maganda ya kaa, mapya. Nikaingiza kijiti kidogo, nikangoja akishike. Aliposhika nikavuta, si kwa nguvu. Nikampiga kwenye jiwe mara nyingi mpaka akalegea."

"Hakukushika mkono?"

"Alinishika." Nasma aliinua mkono kuonyesha alama nyekundu za duara, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. "Sikulia."

"Wapi?"

Nasma alielekeza kwa kidevu, vilevile anavyofanya bibi yake. Kusini.

"Dumu lilikuwa upande gani wako?"

Mtoto alifikiri. Ilionekana hakuwa amelifikiria dumu mpaka dakika ile. "Nyuma yangu," alisema.

Jumanne aliondoa kofia usoni na kukaa.

"Nilikwambia nini asubuhi, Nasma?"

"Mtu asiende." Kisha, kwa sababu alikuwa mtoto wa mama yake na hoja hazikumpungukia: "Lakini kwenye mkutano walisema wavuvi. Mimi si mvuvi. Mimi mwanafunzi."

Jumanne alicheka, akaacha alipoona hakuna mwenzake.

"Mtoto amesema kweli," Bi Kidawa alisema. "Tangu lini mtoto akiokota kitu pwani kukaitwa kuvua? Sisi sote tuliokota. Tia chunguni, mwanangu. Tule, mabaki tuyafunike kwa maganda ya nazi, mambo yamekwisha. Hapa yupo nani? Jumanne ni wetu. Nesi ni wetu."

Mwanaharusi alinyoosha mikono. Alimpokea pweza, akamweka juu ya jani la mgomba walilofunikia chakula.

"Haiwezekani kumrudisha?" Leonia aliuliza.

"Amekwisha kufa, Mama Fredy. Nimrudishe kwa nani?"

Leonia alikuwa na tabia ya kazi yake, ya kutafuta haraka kitu kinachoweza kufanyika kwa vifaa vilivyopo. Akakiona.

"Sema ni Fredy," alisema. "Sema mtoto wa mgeni. Mimi sina nyumba kijijini kwenu, sina siku ya kufungua. Nitakwenda mwenyewe kwa huyo Mansuri, nitaomba radhi. Watanisema, watanisamehe. Nani atamwadhibu mtoto wa nesi? Wewe utashuka mwambani siku ile na wenzako."

Bi Kidawa alipiga kiganja juu ya paja. "Nesi ana akili. Nilikuwa nasema siku zote, huyu bara wamemtuma mwenye akili."

Mwanaharusi aliipima rai hiyo. Aliutazama mwamba. Alitazama kwao, penye minazi. Aliitazama boti, ambako kichwa cha Fredy kilikuwa kimejitokeza kidogo juu ya ubao.

"Fredy hajui," Nasma alisema.

"Hajui nini?" bibi yake aliuliza.

"Kuchokoa. Aliona mkono mmoja tu wa pweza akakimbia."

"Sikukimbia," sauti ilitoka botini. "Nilikwenda kumwita mama."

"Kwa mama hukufika. Umepanda boti."

"Nilikuwa nakuja."

"Ni wangu," Nasma alisema, na sasa ndipo macho yake yalipojaa machozi, kwa mara ya kwanza siku ile. "Nimemtoa mimi. Msiseme wa Fredy."

Mwanaharusi alichuchumaa mbele ya mtoto. Alimshika ule mkono wenye alama, akaugeuza huku na huku kama anasoma.

"Ni wako," alisema. "Hakuna anayekunyang'anya. Mimi wa kwanza wangu alikuwa nusu ya huyu, na nililia mpaka nikajikojolea. Muulize bibi."

"Kweli kabisa," Bi Kidawa alisema, bila kutaka.

"Sasa nisikilize. Mzee Mansuri akikuuliza nani kamtoa, utasema nani?"

"Mimi."

"Akikuuliza wapi?"

"Kule. Dumu lilikuwa nyuma yangu."

"Na akikuambia wewe ni mtoto, labda ulisahau palikuwa wapi?"

Nasma alikunja uso. "Sikusahau."

"Haya." Mwanaharusi alisimama, akakunja kanga yake mpaka magotini, akaifunga. "Twende ukamwambie."

"Mwanangu," Bi Kidawa alisema. "Paa."

"Naliona, mama. Nalala chini yake."

"Shemeji, ngoja basi," Jumanne alisema. "Maji yakijaa nakupelekeni kwa boti. Mpaka mlangoni kwa Mansuri. Mle kwanza."

"Maji yakijaa ni saa saba. Saa saba nitakuwa nimekula pilau, nimeshiba, na nimeshapata maneno mazuri ya kusema. Acha niende sasa ambapo sina."

Jumanne alitikisa kichwa, akamchagulia fimbo ndefu ya kupimia maji njiani. Mwanaharusi alimfunga pweza kwenye ukamba wa mnazi, kisha akabadili mawazo, akaufungua ukamba, akampa Nasma ambebe mwenyewe kwa mikono.

"Mimi nifanye nini?" Leonia aliuliza.

"Kula. Na watoto nao wale. Mtu hatoki vunjajungu akarudisha chakula nyumbani." Alimwangalia Leonia, akatabasamu kidogo. "Umesema jambo zuri, Mama Fredy. Nimelisikia. Lilikuwa zuri mno, ndiyo maana naondoka haraka."

Wakaondoka. Walishuka kwenye uwanda wa mchanga, mama mbele na fimbo, mtoto nyuma na mzigo wake, wakikanyaga mahali ambako saa mbili zilizopita boti ilikuwa inapita. Fredy alitoka botini, akaja kusimama karibu na mama yake. Jaketi alikuwa amelivua.

Bi Kidawa alipakua. Aliweka pilau kwenye sinia, akamwita Luqmani kutoka kisimani, akamnawisha. Mikono yake ilifanya kazi kama kawaida, ila alimwaga maji mengi kuliko inavyohitajika kwa mikono midogo kama ile.

"Mansuri atakuwa amekaa barazani," alisema baada ya muda. "Jumapili hakosi. Atawaona tangu wakitoka kwenye mikoko."

"Atasemaje?"

"Kwanza atacheka."

"Halafu?"

"Halafu ataandika."

"Hawezi kusamehe?" Leonia aliuliza. "Ni mtoto mdogo, na mama yake kamleta mwenyewe. Hakuna aliyewakamata."

"Nyumba nyingine angeweza kuisamehe." Bi Kidawa alimpa Luqmani tonge, akamfuta kidevu. "Lakini sheria ile ameisema Mwanaharusi, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote. Akiomba aondolewe adhabu yeye, mwamba utakuwa na watu kabla jua halijazama. Yeye analijua hilo. Ndiyo maana haendi kuomba." Alisogeza sinia karibu na Leonia. "Nilidhani nimezaa mtoto mpole. Kula, Nesi. Nyama hiyo, Jumatano mtakuwa mmefunga."

Leonia alikula. Pilau lilikuwa zuri, na aliona aibu kidogo kwa jinsi lilivyokuwa zuri. Fredy alikula akitazama kusini, kisha akauliza kama pweza wengine bado wako shule. Jumanne alimwambia ndiyo, wamebaki wiki mbili.

Huko mbali, maji yalikuwa yameanza kurudi. Hayakuja kwa wimbi; yalijaza kwanza vijifereji, vikawa vinang'aa kimoja baada ya kingine. Mfereji mkubwa, ule ulio karibu na mikoko, tayari ulikuwa umejaa. Leonia alisimama ili aone. Mwanaharusi alichovya fimbo, akasita, akaingia. Maji yakamfika mapajani. Aligeuka, akanyoosha mkono, lakini mtoto alikuwa na mikono miwili tu na yote ilikuwa imeshika kazi. Basi akamshika begani, wakavuka hivyo, polepole, Nasma amemwinua pweza juu ya kichwa chake asiguswe na maji.

Walipofika ng'ambo hawakugeuka nyuma. Waliingia kwenye mikoko, kanga ya mama ikaonekana mara moja zaidi kati ya majani, kisha haikuonekana. Leonia alibaki amesimama ukingoni mwa mchanga, maji yakimfika vidoleni, ya vuguvugu kuliko alivyodhani.